Mlango wa kushoto haufungi mpaka uuinue: je, niinunue MGB hii ya mwaka 1972?

BARUA

Ndugu mshauri,

Salaam. Mimi ni dereva wa basi hapa Reading, Uingereza, umri miaka 65, na mwakani nastaafu. Mke wangu na mimi tunajenga nyumba Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini. Tofali zimefika kwenye linta na zimekaa hivyo mwaka wa nne sasa, zinasubiri paa.

Nikiwa mtoto, baba yangu alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Meneja alikuwa Mwingereza mwenye gari la MG la wazi, jekundu. Jumamosi baba aliitwa kuliosha, nami nilimshikia ndoo. Siku moja meneja akiwa safari, baba aliniinua akaniweka kwenye kiti cha dereva, akaniambia nisiguse kitu. Nilikuwa na miaka sita, nimevaa kaptula. Kiti kilikuwa cha ngozi nyeusi na jua lilikuwa la saa saba. Kiliniunguza mapaja lakini sikushuka. Habari hii sijawahi kumsimulia mtu.

Mwezi uliopita nikaona tangazo: MGB ya wazi, mwaka 1972, nyekundu, bampa za kromu, rimu za spoku, turubali jipya, imefanyiwa ukarabati kamili. Paundi 14,500. Nikaenda. Aliyeitengeneza alifariki mwaka jana, na anayeiuza ni mjane wake, mama mstaarabu sana, alinikaribisha chai. Gari liko gereji nyuma ya nyumba, limefunikwa shuka. Rangi unaweza kunyolea ndevu. Injini iliwaka mara ya pili. Mlango wa kushoto ulikataa kufunga mpaka niuinue kidogo, na chini ya madigadi ya mbele upande huohuo rangi imevimba pahali kama punje ya choroko. Turubali linafunga vizuri. Viti ni vipya.

Mama anasema gari limeishi Uingereza tangu lizaliwe. Ana faili la risiti na albamu ya picha za ukarabati, ila sikupata nafasi ya kuipitia. Nilipiga picha kibati cha namba chini ya boneti, kinaanza na GHN5U. Mtoto wake wa kiume anasema magari haya ni uwekezaji, bei haishuki, na kuna mtu mwingine analitaka. Anataka nitume paundi 500 za kulishikilia kabla ya Ijumaa.

Fedha ninazo. Ni kiinua mgongo changu, paundi 18,000. Mke wangu anajua zimeingia, na tulishasema ni za paa. Habari ya gari sijamwambia. Nilikuwa nafikiri nikishalinunua nitamweleza kwamba ni akiba, na tukirudi Tanga tutalipakia kwenye kontena twende nalo.

Je, ninunue?

Baba Zuhura, Reading

JIBU

Shikamoo Baba Zuhura,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama palepale, kwenye mlango wa kushoto. Wewe umeupa sentensi moja, ukaendelea na turubali na viti. Kwangu mimi barua nzima iko hapo. Kabla sijaanza kujibu barua za watu nilinyoosha bodi za magari ya zamani kwa miaka mingi, na MGB mbovu utaijua milangoni kabla hujafungua boneti.

Nikueleze kwa nini. MG ya wazi iliyotangulia, ile MGA, ilikuwa na chesisi ya chuma chini na bodi imekalishwa juu yake. MGB ilipotoka kiwandani Abingdon mwaka 1962 chesisi ile haikuwepo tena. Bodi inajibeba yenyewe. Gari la namna hiyo likiwa na paa la bati, paa nalo husaidia kubeba. Hili juu lina turubali, na turubali halibebi kitu. Kwa hiyo katikati ya gari panategemea handaki la propela, lile tuta la bati linalopita katikati ya sakafu, pamoja na vizingiti viwili, yale maboksi marefu ya bati yanayopita chini ya milango.

Na kizingiti chenyewe si bati moja. Kuna bati la nje ambalo wewe umeliona linang'aa, kuna jingine limesimama katikati ya boksi, na la tatu liko ndani upande wa miguu ya abiria. Lile la katikati huwezi kuliona hata ukilala chini na tochi. Likiliwa na kutu, la nje laweza kuendelea kung'aa kama sahani huku gari linabonyea taratibu katikati, kama kitanda cha kamba kilicholegea. Likibonyea, nguzo mbili za mlango zinasogeleana kwa juu. Hapo ndipo mlango unapoanza kutaka kuinuliwa.

Sasa weka na ile punje ya choroko. Nyuma ya gurudumu la mbele la MGB, ndani ya madigadi, kuna mahali matope hukaa. Huku Uingereza matope hayo huwa na chumvi, maana barabara humwagiwa chumvi msimu wa baridi kuzuia barafu. Matope yenye chumvi yakilowana na kukauka miaka na miaka, bati huliwa kutoka ndani kwenda nje, na rangi ndiyo ya mwisho kupata habari. Lengelenge uliloliona limetokea mahali hapohapo.

Jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalijui, na si lazima wawe wanadanganya: kizingiti cha MGB hakiishii mlangoni. Kinaingia chini ya madigadi ya mbele na kinaingia chini ya ile ya nyuma. Fundi anayetaka kukibadilisha kwa haki hana budi kufungua madigadi ya mbele, ambayo imefungwa kwa bolti, na kukata sehemu ya chini ya madigadi ya nyuma, ambayo imechomelewa. Kazi hiyo ina jasho. Asiyetaka jasho huchukua bati jipya akalichomelea juu ya lililooza, akajaza puti, akasugua, akapiga rangi. Gari linapendeza miaka miwili mitatu. Halafu linatoa lengelenge.

Marehemu simsemi vibaya. Kazi yake sijaiona, na mtu aliyekaa na gari moja gereji yake mwenyewe mara nyingi huwa mwangalifu kuliko fundi wa kulipwa. Mlango wa kuinua waweza kuwa bawaba tu. Ndiyo maana nataka urudi kule, mchana, gari likiwa nje kwenye mwanga, na kabla hujatuma hata senti moja.

Ukifika, fungua mlango wa kushoto mpaka mwisho, shika ncha yake kwa mikono miwili, uinue na kuushusha. Ukichezacheza kwenye bawaba, shukuru Mungu, hiyo ni kazi ya siku moja. Ukiwa imara kabisa na bado haufungi bila kuinuliwa, tatizo liko kwenye tundu la mlango, si kwenye mlango. Ufunge, kisha tazama ule mwanya kati ya mlango na madigadi ya nyuma kuanzia juu hadi chini. Uwe sawa. Ukibana juu na kupanuka chini, umeshajua.

Halafu muombe mama ruhusa ya kupiga jeki, upande wa kushoto, kwenye sehemu ya jeki ya gari lenyewe. Pandisha polepole huku unatazama mwanya uleule. Bodi nzima haibadiliki. Bodi iliyochoka utauona mwanya unasogea mbele ya macho yako, na wakati mwingine mlango hukataa kufunguka gari likiwa juu. Nimeliona hili kwenye gari lenye rangi ya kioo kama hilo lako, mwenyewe amesimama pembeni na kikombe mkononi, na sikuhitaji kumwambia neno.

Chukua na sumaku ndogo, ile ya kubandika kwenye friji inatosha, uifunge ndani ya kitambaa laini usije ukakwaruza rangi. Ipitishe chini ya mlango, mwisho wa madigadi, kuzunguka matao ya magurudumu. Pasipo na bati sumaku haishiki. Puti haina chuma.

Na ile albamu uipitie, mzee wangu. Kaa chini, kunywa chai ya pili. Tafuta picha moja tu: madigadi ya mbele imetolewa na kizingiti kiko wazi, bati jipya la katikati linaonekana kabla ya la nje kuwekwa. Mtu aliyefanya kazi hiyo hawezi kuacha kuipiga picha, ndiyo fahari yake. Ukiiona, thamani ya gari imepanda machoni pangu. Ukikuta albamu imejaa viti, rangi na kromu, rudisha albamu mezani na ushukuru kwa chai.

Injini haina maneno mengi. Ni ya sentimita za ujazo 1,798, kabureta mbili za SU, na kila kipuri chake kinapatikana dukani mpaka leo. Ikiwa moto na unakwenda maili 50 kwa saa, geji ya oili isome 50 au zaidi. Uliza kama viti vya valvu, pale valvu zinapokaa zikifunga ndani ya injini, vimebadilishwa viwe vigumu, kwa sababu injini hii iliundwa kwa petroli yenye risasi, na hiyo haipo tena. Uliza pia kama ina ovadraivu, ile gia ya ziada ya kupumzisha injini mwendo ukiwa mkubwa, na inafanya kazi. Rimu za spoku zinapendeza lakini meno ya ndani yanapolika husikika "kloki" unapoondoka na unapokanyaga breki, basi fungua masikio. Mafuta utakayotia ni E5, petroli yenye ethanoli kidogo, siyo E10 ambayo tangu Septemba 2021 ndiyo petroli ya kawaida kwenye vituo vya huku. Ile ethanoli nyingi inakula mipira ya zamani.

Nije kwenye kibati. GHN5 ndiyo MGB ya wazi ya miaka hiyo, sawa kabisa na 1972. Lakini herufi U inayofuata ina maana gari liliundwa kwa soko la Marekani. MGB nyingi zilivuka bahari kwenda huko, na baadaye zingine zikarudishwa Uingereza na kugeuzwa usukani kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo mama anaposema gari limeishi huku tangu lizaliwe, anasimulia alichosikia, na kibati kinasimulia kingine. Hilo peke yake si baya. Lililokaa jimbo kavu kama California huenda likawa na bati zuri kuliko lililokunywa chumvi ya huku miaka hamsini. Ila lazima ujue nani aligeuza usukani na alitumia vipuri gani, maana usukani si mahali pa kubahatisha. Omba uione kadi ya gari, V5C, utazame tarehe ya kusajiliwa kwa mara ya kwanza Uingereza. Ikiwa ni ya miaka ya tisini au elfu mbili, basi lilikuja na meli. Makumbusho ya British Motor Museum pale Gaydon nayo hutoa hati ya asili ya gari kutoka daftari za kiwanda: siku lilipokamilika, rangi yake ya kwanza, lilipopelekwa. Na usichukue kadi kuwa ushahidi wa umiliki. Yenyewe imeandikwa hivyo. Gari ni la mirathi, kwa hiyo ujue kwa upole kama mama ana haki ya kuliuza peke yake au mwanawe naye ana sauti.

Gari la umri huu halilipi kodi ya barabara na halilazimiki kupita ukaguzi wa MOT wa kila mwaka, ilimradi halijabadilishwa kupita kiasi. Watu hufurahia hilo. Mimi linanitia wasiwasi, maana gari laweza kukaa miaka bila mtu kulitazama chini. Historia ya MOT unaisoma bure mtandaoni kwa namba ya gari. Soma maneno ya mkaguzi ya mara ya mwisho, hasa panapotajwa kutu. Kisha mwambie mama utalipia wewe ukaguzi mpya. Ada yake haizidi paundi 54.85, na kwa fedha hiyo mtu asiye na maslahi atalipandisha juu na kuligonga chini. Muuzaji mwenye gari zuri hawezi kukataa.

Kijana wake kasema ni uwekezaji. Baba Zuhura, asiyejua kuwa ukarabati kamili wa MGB mara nyingi hula fedha kuliko bei ya gari likishakamilika, hajawahi kulipia hata mmoja. Ziliundwa zaidi ya 500,000, tukihesabu na zile za GT zenye paa, hadi kiwanda cha Abingdon kilipofungwa Oktoba 1980. Tangu 1988 hata bodi mpya kabisa inaundwa upya na kampuni ya British Motor Heritage. Kwa hiyo si kitu adimu. Nunua kama unataka kuliendesha. Na kwa kuwa si adimu, Ijumaa isikutishe. Huyo mtu mwingine akilichukua, mwezi ujao kuna jingine. Mia tano usitume. Ukiridhika baada ya jeki na ukaguzi, toa amana papo hapo, kwa risiti iliyoandikwa kwamba inarudishwa kadi ikionekana ina kasoro.

Tanga nako nakuomba ukuache kwanza. Tanzania gari lililozeeka hulipishwa ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine, na ukishalipa wote bado una gari lililo karibu kugusa ardhi, kwenye barabara ya vumbi ya Pongwe, hewa ya bahari ikilisaidia kutu. Uzuri wa MGB ni kuwa uko Reading. Abingdon iko karibu nawe. Makao ya MG Car Club yako hapo, Kimber House, jirani na kilipokuwa kiwanda. Nenda ukaulize kama kuna mwanachama wa kukusindikiza kulitazama. Watu hao hupenda kazi hiyo.

Sasa fedha. Ukitoa 14,500 kwenye 18,000 zinabaki 3,500, na bado hujalipa bima wala hujagusa kizingiti, ambacho kikiwa kimeoza pande zote mbili kitakula fungu kubwa la hizo zilizobaki. Paa halipo tena. Mlikubaliana paa, na mwenzako anahesabu hivyo mpaka leo jioni anapopika. Mpango wako wa kumwambia baadaye kuwa ni akiba siukubali, na wala wewe mwenyewe hukuuandika kwa raha, nimeuona ulivyouweka mwishoni kabisa.

Lakini pia sitaki umwambie habari ya gari tu, kwa sababu akisikia "gari la wazi la paundi elfu kumi na nne" atakataa, na atakuwa na haki. Anza na Muheza. Anza na ndoo, na baba aliyeosha Jumamosi baada ya Jumamosi gari ambalo hakupaswa kulikalia, na siku aliyokuinua. Umeniandikia mimi nisiyekujua kwamba kiti kilikuunguza na hukushuka. Yeye umeishi naye umri wote huo na hajui. Mpe hiyo kwanza, kisha mseme fedha mkiwa wawili.

Na kuna njia ambayo haikugombanishi na paa. Kuanzia mwishoni mwa 1974, kwa sababu ya sheria za Marekani, MGB ziliwekwa bampa kubwa nyeusi za mpira na kuinuliwa kidogo kutoka ardhini. Wapenzi wa kromu hawazitaki, kwa hiyo bei yake huwa chini. Injini ni ileile, upepo usoni ni uleule, na nyekundu zipo. Ningekuwa wewe ningeezeka Pongwe kwanza kwa kiinua mgongo hiki, halafu ningetafuta moja ya hizo kwa fedha itakayobaki na nitakayoweka mwaka huu wa mwisho wa basi. Hukumu ni yenu wawili, mimi nasema ninavyoona.

Ila kama mama Zuhura atakubali mkalitazame hili la mjane, nendeni pamoja. Yeye ashike sumaku, wewe ushike jeki. Mkimaliza niandikie umeuona vipi mwanya wa mlango wa kushoto gari likiwa juu, na kama unaweza niletee picha yake, na ya kizingiti, na ile moja ya kwenye albamu.